Sura ya Saba: Fayawoli Inapokataa Kuwaka

Mvua ya Iguhu hupenda alasiri. Kufikia saa nane mawingu yamejazana upande wa msitu, kufikia saa tisa radi zinapasua anga juu ya mto Yala, na mara stima inapotea, inarudi, inapotea tena. Inaporudi mara ya mwisho, taa zinawaka, friji ya chanjo inaanza kunguruma, na kompyuta ya mapokezi inafunguka. Lakini ndani ya kabati dogo la mtandao, kile kisanduku ambacho hakuna anayekikumbuka siku za kawaida kimewasha taa moja tu, na taa hiyo haibadiliki. Wagonjwa wako kwenye benchi. Karani anabonyeza, anasubiri, kisha anapiga simu: “Fundi, mtandao umekataa kabisa. Nimezima, nimewasha, wapi.”

Simu kama hiyo ina uzito zaidi tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya mfuko wa bima ya afya wa NHIF. Kuthibitisha kwamba mgonjwa amesajiliwa na kutuma madai ya malipo ni kazi zinazopita mtandaoni. Shule nazo husajili watahiniwa kwa njia hiyo hiyo, na huduma nyingi za serikali zimehamia eCitizen. Kisanduku kimoja kikikwama, kazi ya taasisi nzima imekwama nacho.

Kisanduku chenyewe ni fayawoli: bawabu anayekaa kati ya kompyuta za ndani na intaneti yote ya nje, akiamua ni nani anaingia, nani anatoka, na kwa mlango upi. Katika taasisi nyingi ndogo ndiyo pia inayogawa anwani kwa kompyuta na kutafsiri majina ya tovuti. Ndiyo maana ikizimika, hata printa ya chumba cha pili inaweza kuonekana imepotea.

Jambo ninalotaka msomaji alibebe kutoka sura hii ni hili: fayawoli isiyowaka mara nyingi haijafa. Imekwama kwenye hatua fulani ya kuwaka, na kila hatua ina dawa yake. Atakayeitambua hatua hiyo kabla ya kugusa chochote ataiokoa mashine. Atakayeanza kwa kubonyeza kila kitufe anaweza kuifuta kabisa.

Radi na stima

Iguhu iko Ikolomani, kusini mwa mji wa Kakamega, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,430 hadi 1,580 juu ya usawa wa bahari. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na bonde zima la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Kwa mkulima wa chai na mahindi hiyo ni neema. Kwa kifaa cha mtandao ni hatari inayoingia kwa njia tatu: waya wa stima unaotoka kwenye nguzo, kebo ya shaba iliyovutwa kutoka jengo moja hadi jingine, na antena iliyo juu ya mlingoti. Radi haihitaji kupiga jengo lenyewe. Ikipiga karibu, mkondo mkali huzaliwa ndani ya waya mrefu na kusafiri hadi kwenye soketi ya kifaa.

Kisha kuna kupotea kwa stima kwenyewe. Mwaka 2023 Kenya ilipata giza la karibu nchi nzima mara tatu: tarehe 25 Agosti, 11 Novemba na 10 Desemba. Hizo ziliandikwa magazetini, lakini ule ukatikaji mdogo wa mtaani huua vifaa pia. Fayawoli ni kompyuta. Huandika kumbukumbu za matukio kwenye chipu yake ya hifadhi mchana na usiku. Stima ikikatika katikati ya kuandika, faili linabaki nusu, na siku ya kuwaka mfumo unakuta hifadhi yake imevurugika. Stima ikirudi na kukatika tena mara mbili au tatu ndani ya dakika moja, madhara huongezeka, kwa sababu kila mara mashine inakatwa ikiwa katikati ya kujirekebisha.

Usimruke bawabu

Wakati foleni inarefuka, mtu atashauri kwamba kebo ya kampuni ya intaneti ichomekwe moja kwa moja kwenye swichi ili kazi iendelee. Mara nyingine hilo hufanya kazi, na hapo ndipo hatari ilipo.

Tarehe 12 Mei 2017 virusi vya WannaCry vilisambaa katika nchi zipatazo 150 ndani ya muda mfupi. Vilipita kwenye mlango namba 445, unaotumiwa na Windows kugawana mafaili, na havikuhitaji mtu kubofya kitu chochote. Nchini Uingereza, takriban theluthi moja ya mashirika ya hospitali za umma yaliathirika, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikafutwa. Mlango 445 ni mmoja kati ya ile ambayo fayawoli iliyopangwa vizuri huifunga kwa dunia ya nje. Kompyuta za zamani zisizopata masasisho, na zahanati na shule zetu zinazo nyingi, zimekuwa salama kwa sababu tu kuna kitu mbele yao. Kuna mashine nyingi huko nje zinazopima anwani za intaneti saa zote zikitafuta mlango ulioachwa wazi, na hazijali kwamba kosa lilifanywa kwa nia njema.

Njia ya dharura iliyo salama zaidi ni kuunganisha kompyuta moja au mbili zenye kazi ya lazima kwenye intaneti ya simu, zikiwa na fayawoli yao ya ndani imewashwa, na kuacha mtandao mzima ukingoje. Kazi itakwenda polepole, lakini rekodi za wagonjwa hazitawekwa hadharani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitambua taarifa ya afya kuwa nyeti, na wajibu wa kuilinda hausimami kwa sababu kifaa kimeharibika.

Hatua tano za kuwaka

Fayawoli hupitia hatua tano kabla ya kuanza kazi, iwe ni ya Cisco, Fortinet, Juniper au kompyuta ndogo iliyowekwa pfSense.

Kwanza stima inafika kwenye ubao. Pili, programu ya msingi iliyo kwenye ubao inaamka na kupima kumbukumbu na vipuri. Tatu, programu ndogo ya kuwashia inatafuta mfumo endeshi kwenye chipu ya hifadhi. Nne, kiini cha mfumo kinapakiwa na hifadhi inafunguliwa. Tano, mashine inasoma faili la mipangilio: soketi ipi ni ya nje, ipi ya ndani, nani aruhusiwe, nani azuiwe.

Hatua ya kwanza hupimwa kwa mita, na mafundi wengi huiruka kwa kuiona rahisi mno. Fayawoli nyingi ndogo hutumia adaputa ya volti 12. Adaputa iliyopigwa na radi inaweza kuonyesha volti 12 kwenye mita ikiwa haijabeba mzigo, kisha ikaanguka pale mashine inapoanza kuvuta. Taa inawaka, lakini mashine inajizima na kuanza upya bila kikomo. Dawa ni kujaribu adaputa nyingine yenye volti ile ile, ncha chanya na hasi zikiwa upande ule ule, na ampea zisizopungua zile za mwanzo. Hapo hapo, chomoa kebo zote za mtandao na uwashe mashine ikiwa peke yake. Soketi iliyoungua ndani wakati mwingine huzuia ubao mzima kuamka.

Ikiwa stima ni nzima, mashine yenyewe itueleze iliposimama.

Kebo ya konsoli

Kila fayawoli ya maana ina mlango wa konsoli. Katika nyingi ni soketi inayofanana na ya mtandao, imeandikwa neno la konsoli juu yake. Katika mpya ni tundu dogo la USB. Kebo ya konsoli ya Cisco, ile bapa ya samawati, inajulikana na kila fundi. Upande wa pili unaingia kwenye kigeuzi cha USB, kisha kwenye laptopu. Kwenye Windows programu inayotumika sana ni PuTTY, na kwenye Linux ni minicom au screen. Kebo na kigeuzi hupatikana kwa bei ya kawaida Luthuli Avenue jijini Nairobi, lakini siku mashine inapogoma, Nairobi iko zaidi ya kilomita 350 kutoka Iguhu. Kebo hii inapaswa kulala ndani ya kabati lile lile lenye fayawoli, imefungwa kwa uzi, siku zote.

Kasi ya mazungumzo lazima ilingane. Cisco na Fortinet kwa kawaida hutumia biti 9,600 kwa sekunde. Vifaa vya pfSense kutoka Netgate hutumia 115,200. Ukiona herufi zisizosomeka zikimiminika kwenye skrini, usikate tamaa: huo ni ushahidi kwamba mashine ni hai na kwamba kasi tu ndiyo haijalingana. Ukiona kimya kabisa katika kasi zote, na umehakikisha kebo inafanya kazi kwenye kifaa kingine, tatizo liko kwenye hatua mbili za mwanzo, yaani stima au ubao.

Fungua PuTTY kwanza, washa kuhifadhi maandishi yote kwenye faili, kisha ndipo uichomeke fayawoli kwenye stima. Iache iwake mara moja hadi itakapofika, bila kuigusa. Mstari wa mwisho ulioandikwa kabla ya kunyamaza ndio jina la ugonjwa. Hata kama hutaweza kuutibu wewe mwenyewe, mstari huo ukimfikia fundi aliye mbali atajua pa kuanzia.

Kila mkwamo na dawa yake

Mkwamo wa hatua ya tatu hujitambulisha kwa maneno ya kwamba mfumo haupatikani au haufunguki. Hapa watengenezaji wengi wameacha mlango wa akiba. Miundo mingi ya FortiGate, fayawoli za Fortinet, ina sehemu mbili za mfumo. Ukikatiza kuwaka kwa kubonyeza kitufe chochote, menyu inatokea, na B inawasha kutoka ile sehemu ya akiba. Vifaa vya SRX vya Juniper vyenye sehemu mbili huweza kufanya hivyo vyenyewe, kisha vikaonya ukiingia kwamba vimewaka kutoka nakala ya akiba. Onyo hilo halipaswi kupuuzwa, maana sehemu ya kwanza bado ni mbovu.

Kama hata akiba imeharibika, mfumo mpya hupelekwa kutoka kwenye laptopu kwa TFTP, njia ya kale na nyepesi ya kuhamisha faili. Laptopu inageuzwa kuwa seva ndogo, kebo moja ya mtandao inaiunganisha na soketi maalumu ya fayawoli, na mashine inalivuta faili. Kwenye FortiGate, menyu ile ile ina G kwa kazi hiyo. Kwa kawaida yenyewe hujiita 192.168.1.188 na kuitarajia laptopu kwenye 192.168.1.168. Cisco ASA nayo huingia kwenye ROMMON, hali yake ya dharura kwa kazi hiyo hiyo, ukibonyeza Esc mapema. Jaribio la kwanza likigoma, chunguza fayawoli ya laptopu yenyewe kabla ya kulaumu mashine, kwa sababu mara nyingi ndiyo inayoziba mlango namba 69 ambao TFTP hupita.

Menyu ya FortiGate ina pia F, inayofuta hifadhi yote. Inafuta mfumo, na inafuta mipangilio. Asiyekuwa na nakala ya mipangilio asiibonyeze kabla ya kujaribu kila kilichotangulia. Faili la mfumo nalo lipakuliwe kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, liwe la muundo ule ule hasa, na namba yake ya uhakiki ilinganishwe na iliyochapishwa. Mfumo uliookotwa kwenye tovuti isiyojulikana unaweza kuwa na mwizi ndani yake, na wewe ndiye utakayekuwa umemkabidhi funguo.

Mkwamo wa hatua ya nne ndio unaozaliwa zaidi na ukatikaji wa stima. Kwenye pfSense za zamani zinazotumia mpangilio wa hifadhi wa UFS, mashine husimama na kuomba mtu aingie katika hali ya mtumiaji mmoja. Hapo amri fsck -y / hupitia hifadhi na kurekebisha. Iendeshe tena na tena hadi itakapokuta kila kitu ni safi, kwa sababu marekebisho ya mzunguko mmoja huweza kufichua kasoro nyingine, kisha ndipo uwashe upya. Tangu toleo la 2.4 la mwaka 2017, pfSense huweza kuwekwa kwa ZFS, ambayo haiandiki juu ya data ya zamani mpaka ile mpya iwe imekamilika. Mahali penye stima kama yetu, huo ndio uchaguzi sahihi siku ya kuweka mfumo.

Mkwamo wa hatua ya tano huwachanganya wengi, kwa sababu mashine imewaka karibu kabisa. pfSense itasimama na kuuliza ni soketi ipi iwe ya nje na ipi ya ndani, kana kwamba imetoka dukani. Ukweli ni kwamba radi imeua soketi moja, na faili la mipangilio linataja kitu ambacho hakipo tena. Mashine ikiwa na soketi ya ziada, hamishia kazi huko kwenye ile ile skrini ya konsoli, na mtandao utarudi.

Kuna pia betri ndogo ya duara ubaoni, mara nyingi CR2032 ya volti 3. Ikiisha, saa inarudi nyuma miaka mingi kila stima inapokatika. Mashine inawaka vizuri, lakini vyeti vya usalama vinaonekana bado havijaanza kutumika, na njia za siri za kuunganisha ofisi zinakataa. Betri hiyo inauzwa kwenye maduka ya saa.

Isiyofufuka

Kuna mashine ambazo haziokoleki, na ni heshima kwa taasisi kuiambia hivyo mapema. Mwezi Februari 2017 Cisco ilitangaza kwamba kipuri cha saa ndani ya baadhi ya vifaa vyake, vikiwemo ASA 5506-X na 5508-X, kingeweza kuharibika baada ya takriban miezi 18 ya kazi, na kwamba kikishaharibika kifaa hakitawaka tena. Chanzo kilihusishwa na kasoro katika familia ya Atom C2000 ya Intel, iliyokuwa pia ndani ya vifaa vya watengenezaji wengine. Vifaa hivyo viliweza kufanya kazi bila dalili hadi siku kipuri kinapoharibika. Anayenunua kifaa cha mtumba leo anapaswa kuuliza muundo na umri wake kabla ya kutoa pesa.

Chipu za hifadhi nazo huchakaa kwa kuandikwa. Fayawoli inayoandika kumbukumbu nzito kwenye chipu ndogo iliyogandishwa ubaoni itaimaliza chipu hiyo baada ya miaka, na hapo hakuna amri ya kuirudisha. Ni afadhali kumbukumbu zipelekwe kwenye kompyuta nyingine ndani ya mtandao.

Mashine ikifa kweli, taasisi ya kijijini haina haja ya kusubiri kifaa kipya kutoka mbali. Kompyuta ndogo yenye soketi mbili za mtandao inaweza kuwekwa pfSense, mradi ulioanza mwaka 2004 kutoka m0n0wall ya Manuel Kasper, au OPNsense iliyotoka mwaka 2015. Zote mbili hupatikana bure. Kinachoamua kama kazi hiyo itachukua saa moja au wiki nzima ni faili moja.

Faili la mipangilio

Kwenye pfSense linaitwa config.xml. Limebeba kila uamuzi ambao taasisi imewahi kufanya kuhusu mtandao wake: anwani, sheria, majina ya vifaa, njia za siri. Mashine ni chuma kinachonunuliwa. Faili hili ni kazi ya mikono na akili ya watu, na mara nyingi aliyeifanya amekwisha hamia kaunti nyingine. Hata pfSense ikigoma kuwaka, diski ya kuwekea mfumo ina chaguo la kuliokoa faili hilo kutoka kwenye hifadhi ya zamani kabla ya kuifuta. Jaribu hilo kwanza.

Waswahili husema akiba haiozi. Nakala ya mipangilio, hata hivyo, huzeeka: ile ya mwaka juzi itarudisha mtandao wa mwaka juzi, pamoja na akaunti za watu waliokwisha ondoka. Chukua mpya kila baada ya badiliko. Ifunge kwa nenosiri, kwa kuwa ndani yake kuna siri za mtandao mzima. Weka moja ndani ya jengo na nyingine nje yake, na uandike kando muundo wa mashine, namba yake na toleo la mfumo.

Kinga nyingine ni za kawaida na hazina gharama ya kutisha: UPS inayoipa mashine muda wa kuzimwa kwa utaratibu, fimbo ya kupeleka mkondo ardhini iliyofungwa sawasawa, kizuia mkondo mkali kwenye soketi ya ukutani, na kebo ya nyuzi za kioo kati ya jengo na jengo badala ya shaba, kwa sababu kioo hakipitishi mkondo wa radi.

Chuo cha kitaifa cha ufundi cha Sigalagala kiko hapa hapa Ikolomani, na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko mjini Kakamega. Vijana wa kuifanya kazi hii wapo. Wanachokosa mara nyingi ni nafasi ya kuigusa mashine kabla haijaharibika. Kwa hiyo msimamizi wa kituo cha afya au shule achague siku moja ya likizo, wakati hakuna foleni, amwite mwanafunzi au fundi wa karibu, na waizime fayawoli kwa makusudi. Wachomeke kebo ya konsoli, wasome hatua zote tano zikipita kwenye skrini, warudishe mipangilio kutoka kwenye nakala, na waandike kila walichofanya kwenye daftari litakalobaki kabatini. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni tumaini tu. Iliyowahi kurudishwa mbele ya macho ya watu wawili ni uhakika, na kituo chenye uhakika huo hakitawaambia wagonjwa warudi kesho kwa sababu ya mvua ya alasiri.